Kipato kidogo na unaishi peke yako: akiba ya kwanza iwe ya kukuepusha na mkopo

#1 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa kijana anayeishi peke yake, kipato chake ni kidogo, na kila akisoma ushauri wa akiba anaona umeandikiwa mtu mwingine. Utaambiwa gawa mshahara: asilimia 50 mahitaji, 30 mambo unayoyapenda, 20 akiba. Mgawo huo unamfaa mtu ambaye mahitaji yake yanaenea kwenye nusu ya kipato. Kwa mwenye kipato kidogo, kodi, chakula na nauli tu vinavuka hapo, na wala huo si uzembe wake. Tangu mwaka 1857 mtakwimu Mjerumani Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri kipato kinavyopungua, ndivyo sehemu yake inayokwenda kwenye chakula inavyozidi. Ukimwambia mtu huyu aweke asilimia 20, atashindwa mwezi wa kwanza, na akishindwa ataacha kabisa.

Hoja yangu ni moja. Akiba ya kwanza ya mtu wa kipato kidogo asiifikirie kama mtaji wala kama mwanzo wa kujenga. Kazi yake iwe kumzuia asikope. Hayo mengine yatakuja baadaye.

Angalieni namna inavyokuwa. Mtu kalipwa mwisho wa mwezi. Katikati ya mwezi kioo cha simu kinapasuka, na simu ndiyo anayoitiwa kazi. Au jino linamuuma mpaka halali. Kitu chenyewe si kikubwa, ila hana pa kukitoa, anakopa 100 ili arudishe 110 baada ya mwezi. Mwezi unaofuata mshahara unaingia ukiwa tayari umemegwa 110, kwa hiyo unakata mapema kuliko kawaida, na yeye anakopa tena. Riba ya 10 kwa mwezi inasikika ndogo. Iache ijizungushe mwaka mzima bila kulipa, 100 inakuwa karibu 314. Wengi hawaiachi ifike huko, wanalipa kila mwezi kwa uaminifu na kukopa upya kila mwezi, na kwa mwaka wanakuwa wametoa 120 za riba kwa ajili ya kutumia 100. Nikimsikia mtu wa namna hii anasema hana uwezo wa kuweka akiba naumia, kwa sababu hiyo 10 anaitoa kila mwezi bila kukosa.

Ukiwa peke yako hali inabana zaidi. Wachumi wanapolinganisha kaya hutumia kipimo cha OECD, shirika la kimataifa la uchumi na maendeleo: mtu mzima wa kwanza anahesabiwa 1, wa pili 0.5, kwa kuwa wawili hawahitaji vyumba viwili, majiko mawili wala taa mbili. Maana yake wawili wanaishi kwa gharama ya mtu mmoja na nusu, kila mmoja anabeba 0.75. Wewe unabeba 1 nzima. Halafu ukiugua wiki mbili, hakuna mshahara wa pili ndani ya nyumba.

Sasa kiasi gani? Kumbuka mara mbili tatu za mwisho ulizokopa. Kiasi kikubwa kati ya hivyo ndilo lengo lako la kwanza. Achana na habari ya mishahara ya miezi sita, hiyo itakukatisha tamaa. Kule Marekani taasisi ya Urban Institute ilichapisha utafiti mwaka 2016 uliokuta kwamba familia zenye akiba ndogo tu, kati ya dola 250 na 749, zilikuwa na uwezekano mdogo wa kufukuzwa kwenye nyumba au kushindwa kulipa bili baada ya kipato kuyumba kuliko familia zisizo na kitu. Kwa maisha ya kule hiyo ni hela ndogo sana, na bado iliwasaidia.

Namna ya kuiweka: siku ileile hela inapoingia, kabla ya kununua chochote, iondoke. Asilimia 3 inatosha kuanzia. Ukisubiri kinachobaki, hakibaki. Na iende mahali ambapo huiangalii kila ukifungua simu kutazama salio.

Naomba kuwasilisha. Karibuni, hasa wale wenye vipato vya chini kweli, tuongee kwa uzoefu.

#2

Mkuu, nimekusoma kwa heshima lakini hapa tusidanganyane. Kuna watu kipato chao hakitoshi hata kula vizuri. Siyo kwamba wanachezea hela, hakuna hela. Mtu analipa kodi, nauli ya kwenda na kurudi kazini, anakula mara mbili kwa siku, mwezi umeisha. Unamwambia aweke asilimia 3 aitoe wapi? Tatizo la huyu ni kipato, siyo akiba. Nyuzi za akiba mara nyingi zinaishia kumlaumu maskini.

#3 (mleta uzi)

Mkuu #2, nakubaliana nawe zaidi ya unavyofikiri, na nimefurahi umelisema mapema.

Kuna kiwango cha kipato ambacho kujibana hakusaidii. Mtu anayepunguza mlo ili aweke akiba anakula afya yake, na afya ndiyo inayomwingizia hela. Huyo simwambii aweke akiba. Ninamwambia mambo mawili: asiguse mkopo wa riba ya mwezi kama kuna njia nyingine yoyote, na nguvu yake yote iende kwenye kupata saa nyingi zaidi za kazi, au kazi nyingine, au ujuzi unaolipa kidogo zaidi.

Ila kati ya huyo na mwenye nafuu kuna kundi kubwa sana, na ndilo ninalolilenga. Ni mtu ambaye akikaa na karatasi anakuta kuna kitu kinachovuja: makato ya kutoa hela mara nyingi kidogo kidogo, faini za kuchelewa kulipa, vitu anavyonunua kwa vipimo vidogo kila siku kwa bei ya juu kwa kuwa hana ya kununua kwa pamoja, na riba. Vyote hivyo ni gharama za kutokuwa na hela. Anayeweza kulipa kwa mkupuo analipa kidogo kuliko anayelipa kwa vipande. Ndiyo maana akiba ndogo ya kwanza ina faida kubwa kuliko ile ya kumi: inakutoa kwenye bei za mtu asiye na kitu.

Na kuhusu kumlaumu maskini, mimi siko huko. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti uliowapima wakulima wa miwa India kabla ya mavuno, wakiwa wamekaukiwa, na baada ya mavuno, wakiwa na hela. Watu walewale, majaribio ya akili ya aina ileile, na walifanya vibaya zaidi kabla ya mavuno. Ukata unakula nafasi kichwani. Kwa hiyo ninaposema hela iondoke siku inapoingia, nia ni kwamba uamue ukiwa umetulia, siyo zile tarehe mbovu ambazo kila ukigeuka kuna anayekudai.

#4

Naomba kuchangia kama mtu wa vibarua. Huku kwetu hakuna mwisho wa mwezi, kuna jioni. Leo umepata, kesho hujaitwa. Ushauri wa mshahara haukai.

Ninavyofanya mimi: nimejua siku yangu ya chini kabisa ikoje, yaani siku ambayo nimefanya kazi lakini imelipa vibaya. Maisha yangu yote nimeyapangia kwenye hiyo. Siku ikilipa zaidi ya hapo, kinachozidi hakiingii kwenye matumizi moja kwa moja. Nakigawa palepale nilipolipwa kabla sijaondoka, kwa sababu njiani kuna vishawishi na nyumbani kuna watu. Nusu inakwenda mahali pa kodi. Kodi siisubiri ifike, naijaza kidogo kidogo kila siku niliyofanya kazi. Nusu inayobaki inakwenda kwenye siku ambazo sitaitwa.

Nina daftari dogo, kila jioni mstari mmoja: nimepata nini, imekwenda wapi. Sihesabu mambo mengi. Lakini ule mstari umenifundisha kwamba siku zangu mbaya huwa zinafuatana, haziji mojamoja. Kwa hiyo hela ya siku moja haikusaidii, inabidi uwe na ya siku mbaya kadhaa mfululizo. Kwetu sisi dharura yenyewe ni ukosefu wa kazi. Kioo cha simu kinafuata nyuma.

#5

#4 umesema kitu kikubwa hapo kwenye kodi. Niongeze: vitu vingi tunavyoviita dharura vinajulikana tarehe. Kodi ya mkupuo, ada ya masomo ya jioni, kufanya upya leseni, safari ya kwenda kuona wazazi. Vigawe kwa miezi iliyobaki, kila mwezi uweke kipande chake, na visichanganywe na hela ya dharura. Vikichanganywa, kodi inaimeza dharura kila mara.

#6

Mimi ni dada, sijaolewa, sina mtoto, na adui wa akiba yangu si matumizi. Ni mizinga. Kila shida ya ukoo inaanzia kwangu kwa sababu "wewe uko peke yako, hela unapeleka wapi?" Kaka mwenye familia haombwi, anaonewa huruma. Mimi nikisema sina, wananiona nina roho mbaya. Na nikiwa na akiba naisikia kama deni kwa watu wengine. Mleta uzi hili hujaligusa kabisa, na naamini vijana wengi humu linawahusu kuliko makato ya kutoa hela.

#7 (mleta uzi)

Dada #6, umelileta lenyewe hasa, na nitalijibu kwa urefu.

Kwanza ujue hauko peke yako. Kuna utafiti wa vyama vya kuweka na kukopa Kameruni uliochapishwa mwaka 2011: walikuta wanachama wenye akiba ya kutosha wanachukua mikopo wasiyoihitaji na kulipa riba, ili ndugu wawaone wana madeni na wasiwaombe. Fikiria mtu analipia riba heshima ya kusema "sina".

Sikushauri uache kusaidia. Kwa mtu wa kipato kidogo ndugu ndiyo bima yake, na aliyekataa kila mara atakosa wa kumpigia siku yake ikifika. Ninachoshauri ni msaada uwe na fungu lake. Weka kiasi cha mwezi cha watu wako, hata kama ni kidogo, na kiwe kimetengwa tangu hela inapoingia. Akija wa kwanza, unampa kutoka hapo kwa moyo mweupe. Fungu likiisha, jibu ni "mwezi huu nimeshatoa nilichokuwa nacho, mwezi ujao nitajitahidi". Hujadanganya, na huhitaji kujieleza zaidi. Jibu hilohilo kwa kila mtu, mama mdogo, binamu, rafiki wa kazini. Watu wakizoea kwamba una kiasi fulani na utaratibu fulani, wanapunguza kukujaribu.

Ugonjwa na msiba ni kitu kingine. Hapo utaombwa nje ya fungu na utatoa, ndivyo tulivyo. Lakini toa kiasi ambacho hakikulazimishi kwenda kukopa. Ukikopa ili kusaidia, wiki ijayo mnakuwa wawili wenye shida.

La mwisho: usimtajie mtu yeyote salio lako. Na kama unaweza, weka akiba mahali penye muda wa kusubiri kabla ya kutoa, siku kadhaa au mpaka tarehe uliyopanga mwenyewe. Ufilipino benki moja iliwapa wateja wake nafasi ya kufungua akaunti ambayo hawaruhusiwi kutoa mpaka tarehe au kiasi walichokipanga wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba baada ya mwaka akiba za kundi lililopewa nafasi hiyo zilikuwa zimekua kwa pointi 81 za asilimia zaidi ya za kundi lisilopewa. Nadhani sehemu ya siri ni hiyo: "imefungwa mpaka tarehe fulani" ni jibu la kweli, kwa ndugu na kwa nafsi yako.

#8

Nafanya kazi upande wa mikopo, kwa hiyo nizungumzie kitu ninachokiona kila siku mezani na kinaniuma. Watu hawasomi riba, wanasoma rejesho.

Chukua mkopo wa 1,200 kwa miezi 12, riba "asilimia 10 tu kwa mwaka", inapigwa kwenye mtaji wote wa mwanzo, yaani kiasi chote ulichokopa. Jumla 1,320, gawa kwa 12, unalipa 110 kila mwezi. Ndani ya hiyo 110, 100 ni mtaji na 10 ni riba. Mwezi wa kwanza unadaiwa 1,200 kamili, sawa. Baada ya kulipa miezi sita umesharudisha 600 za mtaji, unadaiwa 600 tu, lakini bado unatozwa 10 ileile ya siku ya kwanza. Mwezi wa mwisho unadaiwa 100 na riba ni 10. Ukipiga hesabu kwa deni linalopungua, hiyo "asilimia 10" ni karibu asilimia 18 kwa mwaka.

Hapo bado ada ya fomu na bima zinazokatwa juu kwa juu. Umesaini 1,200, mkononi unapokea 1,140, riba inahesabiwa kwenye 1,200.

Kabla ya kusaini popote uliza maswali matatu na uyaandike majibu: napokea ngapi mkononi, narudisha jumla ngapi, na nikimaliza mapema riba iliyobaki inafutwa au nalipa yote? Hilo la tatu watu hawaulizi. Kuna mikopo ambayo kumaliza mapema hakukupunguzii hata senti.

#9

Ahsante sana #8. Swali langu kwa mleta uzi au yeyote: mimi tayari nina madeni, moja la simu la kila mwezi na lingine la kazini linakatwa kwenye mshahara. Nianze kulipa madeni au nianze akiba? Kila mmoja ananiambia lake.

#10 (mleta uzi)

Linganisha bei. Hela iliyolala kwenye akaunti ya kawaida inakuletea asilimia chache kwa mwaka. Deni la simu la asilimia 10 kwa mwezi linakugharimu 120 kwa mwaka kwa kila 100. Hakuna akiba duniani itakayokulipa hivyo, kwa hiyo kila unachokitoa kuua deni hilo kina faida kuliko kukiweka.

Lakini usilipe mpaka ukabaki mtupu, maana kitu kidogo tu kikitokea utarudi kulekule. Weka kwanza kiasi kidogo cha kuzima moto, labda nauli ya mwezi. Baada ya hapo nguvu zote kwenye deni la simu mpaka life. La kazini liache liende na makato yake ya kawaida, na uulize lile swali la tatu la #8. Kama kumaliza mapema hakupunguzi riba, usiharakishe, hiyo hela ijengee akiba.

Deni la simu likishaisha, ile hela uliyokuwa unalipa usiiachie irudi kwenye matumizi. Tarehe ileile, kiasi kilekile, kiende kwenye akiba. Mwili umeshazoea kukikosa. Vivyo hivyo mshahara ukiongezwa: amua sehemu ya nyongeza kabla hujaionja. Richard Thaler na Shlomo Benartzi waliandika mwaka 2004 kuhusu kampuni iliyowaomba wafanyakazi wakubali mapema kwamba kila wakiongezwa mshahara, makato ya akiba nayo yapande. Waliokubali walitoka asilimia 3.5 mpaka 13.6 ndani ya miezi 40, na hakuna siku waliona mshahara wa mkononi umeshuka kwa sababu hiyo.

#11

Naona mnazungumzia akaunti tu. Kwa wenzangu wa hela ndogo, vikundi ndivyo vinavyofanya kazi, kwa sababu kuna watu wanakusubiri. Peke yako ni rahisi kujisamehe.

Ila tofautisheni. Mchezo wa kuzungusha, ambapo kila mzunguko mmoja anabeba chungu chote, unakusaidia kupata hela ya mkupuo lakini hauwezi kuwa hela ya dharura, maana ugonjwa hausubiri zamu yako. Na hatari iko kwa walioko mwishoni: aliyebeba mapema akihama, wewe umeliwa. Kikundi cha kuweka na kukopa ni kitu kingine. Mfumo wake unaotumika sana sasa ulianzia Nijeri mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, na wanawake wa vijijini. Watu wachache wanaojuana, hisa zinanunuliwa mbele ya wote, sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, na mwisho wa mzunguko, mara nyingi mwaka, kila kitu kinagawanywa kwa hisa na mnaanza upya. Hiyo ya kugawana na kuanza upya ndiyo siri. Hesabu mbovu haziwezi kujificha miaka mingi.

Kikundi kinachotunza hela kwa mtu mmoja, hakina daftari linalosomwa mbele ya wote, mimi sikiingii hata kama mwenyekiti ni ndugu yangu.

#12

Swali jingine wakuu. Kuna mtu ameniambia kuweka hela ni kuiua, mfumuko wa bei unaila. Bora niiweke kwenye biashara fulani ya mtandaoni wanayotoa faida kila wiki. Nimeweka akiba kidogo na sitaki ipotee thamani.

#13

#12 ndugu yangu, tafadhali nisikilize kabla hujatuma chochote.

Alichosema kuhusu mfumuko ni kweli. Kuna hesabu ya haraka ya zamani, Luca Pacioli aliiandika Italia tangu 1494: gawa 72 kwa asilimia ya ukuaji, unapata takriban miaka ya kitu kuongezeka mara mbili. Bei zikipanda asilimia 8 kwa mwaka, baada ya kama miaka 9 kitu cha 100 kinauzwa 200. Kwa hela ya miaka tisa hilo ni jambo zito. Kwa hela ya dharura utakayoitumia ndani ya mwaka, unapoteza kidogo, na hicho kidogo ni bei ya kuwa nayo karibu siku ukiumwa.

Sasa chukua hesabu hiyohiyo uipeleke kwa hao wa faida ya kila wiki. Wakikuahidi asilimia 6 kwa wiki, 72 gawa kwa 6 ni 12: hela inaongezeka mara mbili kila wiki 12. Kwa mwaka inazidi mara 20. Biashara gani halali inafanya hivyo, na kama ipo, kwa nini wanahitaji vijisenti vyako? Charles Ponzi kule Boston mwaka 1920 aliahidi asilimia 50 kwa siku 45, na aliwalipa wa mwanzo kwa hela za waliofuata mpaka ikaporomoka mwaka huohuo. Zaidi ya miaka mia imepita na mpango haujabadilika, umehamia kwenye simu tu. Na wanaoumizwa zaidi ni watu wenye akiba ndogo, kwa sababu ndio wenye haraka ya kutoka.

Swali la kujiuliza: nikitaka hela yangu yote leo jioni, naipata? Hela ya dharura lazima jibu liwe ndiyo, au baada ya siku chache kwa tarehe uliyoikubali mwenyewe.

#14

Niongezee kwenye ile 0.75 ya mleta uzi. Kwa asiye na ndoa, njia ya kuipata ni kuishi na mwenzako. Kodi ndiyo gharama kubwa kuliko zote kwa wengi wetu, na kuipunguza ni uamuzi mmoja unaofanya kazi kila mwezi bila kujinyima kila siku. Mtu anaacha soda mwaka mzima, na kile alichookoa hakifiki nusu ya kodi ya mwezi.

Lakini kaeni chini kabla ya kuhamia, siyo baada. Nani jina lake liko kwenye mkataba? Akiondoka katikati nani analipa sehemu yake? Umeme unagawanywaje kama mmoja anafanya kazi za usiku na mwingine anapika sana? Wageni wanakaa siku ngapi? Andikeni kwenye karatasi moja, kila mtu abaki na nakala. Nimeona marafiki wa miaka wakiacha kusalimiana kwa bili ya maji. Na mchague mtu mwenye tabia za hela zinazofanana na zako, hata kama si rafiki yako mkubwa.

#15

Nimefuata uzi tangu mwanzo, shukrani kwa wote. Swali langu dogo. Nilifanikiwa kufikisha lile lengo la kwanza, halafu nikaumwa na yote imekwisha. Sijakopa, lakini nimerudi sifuri na nimevunjika moyo. Naona kama nilikuwa najaza ndoo iliyotoboka.

#16 (mleta uzi)

Pole sana kwa kuumwa, na nashukuru umepona.

Piga hesabu ya jambo lililotokea. Bila ile hela ungeumwa vilevile, ungetibiwa kwa mkopo, na mwezi huu ungekuwa unatafuta rejesho huku mwili haujapata nguvu. Sasa hivi hudaiwi na mtu. Akiba yako imefanya kazi iliyowekewa.

Ukipata nguvu, fanya hivi. Kadiria rejesho ambalo ungekuwa unalipa kama ungekopa kile kiasi, mtaji na riba yake. Hilo rejesho jilipe mwenyewe, siku ya mshahara, kwa miezi ileile ambayo mkopeshaji angekupa. Kwa sababu ya ile riba utamaliza ukiwa na zaidi kidogo ya ulichokuwa nacho kabla hujaugua. Na kama mwezi huu dawa bado zinaendelea, ruka mwezi huu, anza ujao. Ukikwama kwenye hesabu andika hapahapa kiasi na idadi ya miezi, #8 au mimi tutakupigia.